Udongo wa Kupandia Viazi Mviringo Kwenye Ndoo na Viroba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Arusha na Moshi

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Arusha na Moshi wanaotaka kupanda viazi mviringo kwenye ndoo, viroba, mapipa yaliyokatwa au mifuko ya salfeti, ama kwa sababu ua ni mdogo, ama kwa sababu nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki uwanja wake uchimbwe. Maswali mengi yanayoulizwa huhusu mbolea, ilhali mazao mengi yanayoharibika kwenye vyombo huharibiwa na udongo wenyewe: namna unavyopitisha maji na hewa, na mahali ulikochimbwa. Rutuba huweza kuongezwa hata mmea ukiwa umeshachipua. Umbile la udongo na vijidudu vilivyomo havirekebishiki tena baada ya mbegu kufukiwa.

Kwa nini udongo wa shambani, unaostawisha mahindi na migomba, usitumike peke yake kwenye ndoo?

Kwa sababu udongo huohuo hubadilika tabia ukishatiwa chomboni. Shambani, maji ya ziada huendelea kushuka hadi chini kabisa, na mizizi ya mimea mingine pamoja na minyoo hufungua njia za hewa. Ndani ya ndoo yenye kina cha sentimita 35, maji hushuka hadi chini na kusimama hapo. Hata matundu yakiwepo, tabaka la chini hubaki limelowa, kwa kuwa chembe ndogo za udongo huyashikilia maji kwa nguvu kuliko uzito wa maji unavyoweza kuyavuta nje. Kadiri chembe zilivyo ndogo, ndivyo tabaka hilo linavyokuwa nene. Zaidi ya hayo, kumwagilia kila siku hushindilia udongo, na baada ya mwezi mmoja ndoo iliyojazwa hadi ukingoni huwa imepungua kwa kiasi cha kiganja.

Kiazi ni shina lililonenepa chini ya ardhi wala si mzizi, na kinahitaji hewa pale kinapokua. Kikikosa hewa, vitundu vya kupumulia vilivyo kwenye ganda lake huvimba na kuonekana kama punje nyeupe, ndogo, zilizotapakaa juu ya kiazi kizima. Ukivuna ukaziona punje hizo, ujue kwamba udongo ulikuwa umelowa kupita kiasi, na kwamba viazi hivyo havitakaa muda mrefu, kwa maana bakteria wa uozo huingilia hapohapo.

Ni mchanganyiko gani unaofaa zaidi?

Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila mahali, kwa sababu udongo wa kuanzia haulingani. Kwa mtu anayepata udongo mweusi, mwepesi, wa miteremko ya Mlima Meru, kwa mfano maeneo ya Ilboru, Sakina au Ngaramtoni, ndoo 3 za udongo huo na ndoo 2 za mboji iliyoiva hutosha; udongo huo umetokana na majivu ya volkano, kwa hiyo una nafasi nyingi za hewa na haugandamani kwa urahisi. Kwa udongo mwekundu au wa kahawia wa vihamba (mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba) vya Kibosho, Marangu au Machame, ambao una mfinyanzi zaidi, tumia ndoo 2 za udongo, ndoo 2 za mboji na ndoo 1 ya kitu cha kuulegeza, kama vile mchanga mnene au pumba za mpunga zilizochomwa zikawa mkaa. Vipimo hivi ni vya ujazo, si vya uzito, nayo ndoo iwe ileile kwa vitu vyote.

Mchanga unaotajwa hapa ni ule wenye chembe kubwa, unaokwaruza ukiusugua kati ya vidole. Mchanga laini wa kupigia lipu haulegezi mfinyanzi; huingia katika nafasi chache zilizokuwepo na kuziziba, na matokeo yake ni kitu kigumu kuliko udongo ulioanza nao. Mtu asiyepata mchanga mnene ni afadhali aongeze mboji tu.

Tunapendekeza mchanganyiko ukae siku 10 hadi 14 kabla ya kupandwa, ukiwa na unyevu kidogo na umefunikwa. Mboji isiyoiva vizuri itaanza kupata joto ndani ya siku hizo. Ukitia mkono katikati ya rundo ukahisi fukuto, usipande bado.

Nitautambuaje udongo wangu bila kuupeleka maabara?

Kwa njia tatu, na zote hufanyika nyumbani.

Ya kwanza ni ya mkono. Chukua udongo wenye unyevu wa kawaida, ukande, ufinyange kama donge la ukubwa wa limao, kisha uliguse kwa kidole gumba. Donge likivunjika na kuwa chembechembe, udongo unafaa. Lisipofinyangika kabisa, ni kichanga na utakauka haraka. Likibonyea bila kuvunjika, na ukaweza kulisokota kuwa mkanda mrefu unaoning'inia bila kukatika, ni mfinyanzi.

Ya pili ni ya chupa. Tafuta chupa pana ya kioo yenye kifuniko, jaza theluthi moja udongo uliochekechwa mawe na mizizi, ongeza maji hadi karibu na shingo, tia chembe chache za sabuni ya unga, kisha tikisa kwa dakika kadhaa na uiweke mahali isipoguswa. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi; weka alama kwa kalamu. Tope laini hutua katika saa mbili zinazofuata, nao mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi, huku maji ya juu yakibaki ya rangi ya chai. Vipande vya majani na mizizi huelea. Ikiwa tabaka la mfinyanzi limezidi theluthi ya udongo wote, usiutumie kwenye chombo bila kuulegeza sana.

Ya tatu hufanywa baada ya kuchanganya, nayo ndiyo tunayoiamini kuliko zote, kwa kuwa hupima kile hasa utakachopandia. Jaza ndoo moja yenye matundu, imwagilie mpaka maji yatoke chini, iache usiku kucha, kisha asubuhi mimina lita moja ya maji. Yakizama mara moja na kuanza kutoka chini ndani ya dakika chache, umefanikiwa. Yakituama juu kama kidimbwi, rudi kwenye mboji.

Udongo mweusi sana wa tambarare una rutuba. Je, haufai?

Haufai kwenye vyombo, hata kama jirani anavuna nao mahindi mazuri. Rangi nyeusi si kipimo: udongo mweusi wa volkano wa mteremkoni na udongo mweusi wa mbugani ni vitu viwili tofauti. Ule wa mbuga hunata kwenye viatu wakati wa masika, na kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza kidole. Nyufa hizo zina hasara ya pili ambayo wengi hawaifikirii. Nondo wa viazi hupita humo kwenda kutaga mayai karibu na viazi, na mabuu yake huchimba vijia ndani ya kiazi vilivyojaa kinyesi cheusi. Kwenye udongo tifutifu usiopasuka, nondo huyo hukosa njia.

Je, ninunue udongo wa msituni unaouzwa kando ya barabara?

Muulize muuzaji umetoka wapi, na asipokujibu waziwazi, acha. Msitu wa Kilimanjaro umekuwa sehemu ya hifadhi ya taifa tangu mipaka ilipopanuliwa mwaka 2005, na kuchimba udongo humo ni kosa kisheria. Misitu ya hifadhi ya Mlima Meru nayo isiharibiwe kwa ajili ya ndoo zetu. Tukiacha sheria, sehemu kubwa ya kile kinachouzwa kwa jina la udongo wa msitu ni udongo wa kawaida uliochanganywa na majani yaliyooza nusu, na mboji ya nyumbani huushinda.

Udongo wa kirikuu, unaoletwa kutoka kwenye viwanja vinavyochimbwa msingi, unahitaji tahadhari ya namna nyingine. Mara nyingi ni udongo wa chini, wenye rangi hafifu na usio na uhai, umechanganyika na vipande vya matofali na saruji. Saruji hupandisha pH, yaani hupunguza tindikali ya udongo, jambo lisilopendwa na viazi. Ukilazimika kuutumia, kubaliana na dereva akuletee tabaka la juu lililofyekwa kabla ya kuchimba, na ulione kabla halijamwagwa.

Shamba ulikochimbwa udongo liliwahi kunyausha nyanya. Je, kuna hatari?

Ipo, na ni kubwa kuliko zote zinazotajwa katika ukurasa huu. Mnyauko bakteria, unaosababishwa na bakteria aitwaye Ralstonia, hushambulia viazi, nyanya, bilinganya, pilipili na ngogwe, kwa kuwa zote ni za ukoo mmoja. Bakteria huyo huishi udongoni kwa miaka, huku akijihifadhi kwenye mizizi ya magugu ya ukoo huohuo, ukiwemo mnavu unaojiotea wenyewe. Hakuna dawa ya duka la pembejeo inayoutibu mmea ulioshikwa, na anayekuuzia dawa ya ukungu kwa ajili ya ugonjwa huu anakuuzia kitu kisichohusika.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye udongo lisiwe la rutuba, bali: katika miaka mitatu iliyopita hapa palipandwa nini, na je, kuna mimea iliyonyauka ikiwa mibichi? Dalili yake ni mmea kulegea mchana wa jua kali, kuinuka tena jioni, na baada ya siku chache kutoinuka kabisa, huku majani yakiwa bado ya kijani.

Kama ipo mimea inayonyauka wakati unapochunguza, kipimo chake ni rahisi. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, chenye urefu wa kidole, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi ili ncha iliyokatwa iguse maji, na usitikise. Ikiwa ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe, nyembamba, zikishuka polepole kutoka kwenye shina kama moshi uliopinduliwa. Mmea ulionyauka kwa kiu hautoi nyuzi hizo. Ukiziona, udongo wa shamba hilo usiuguse, na jembe na viatu vioshwe kabla ya kurudi nyumbani.

Maji nayo hubeba ugonjwa huu. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mfereji mmoja hupita vihamba vingi kabla ya kufika kwako, na ukipita kwenye shamba la nyanya lililonyauka, unamwagilia bakteria. Kwa vyombo vichache vya nyumbani, maji ya bomba au ya mvua hutosha.

Tukumbuke pia kwamba mbegu inaweza kuuleta ugonjwa kwenye udongo ulio safi kabisa. Katika maeneo yenye baridi, kiazi kilichoambukizwa hukua bila dalili yoyote, kisha kikipandwa Moshi mjini kwenye joto, kinanyauka. Viazi vya kula vilivyonunuliwa sokoni Kilombero au Mbuyuni huchipua vizuri vikiwekwa mahali penye mwanga, na watu wengi hupanda hivyo. Tunachosema ni kwamba usivitie vyote kwenye udongo mmoja. Chombo kimoja kikiugua, udongo wake usichanganywe na wa vyombo vingine.

Je, udongo unaweza kusafishwa kwa kuuchoma au kuuanika juani?

Kuanika hufanya kazi nzuri kwa minyoo fundo (minyoo midogo sana inayovimbisha mizizi), mbegu za magugu na baadhi ya ukungu. Tandaza udongo wenye unyevu katika tabaka lisilozidi sentimita 20, funika kwa nailoni inayopitisha mwanga, isiwe nyeusi, fukia kingo zake, na uache kwa wiki 4 hadi 6. Kwa Moshi, Januari na Februari ndiyo miezi yake. Arusha katika wingu la Julai utapoteza muda. Kwa mnyauko bakteria, kuanika kunapunguza tu, hakumalizi, na hatushauri mtu autegemee.

Kuchoma kwa maana ya kuwasha moto wa kuni juu ya udongo hupika sentimita chache za juu na kuziacha nyingine zilivyo, na huteketeza mboji. Mvuke ni bora zaidi. Weka matofali na wavu ndani ya pipa, maji kidogo chini, udongo ndani ya gunia juu ya wavu, funika, na uwashe moto. Fukia kiazi kidogo katikati ya gunia: kikiiva kiasi cha kulika, udongo nao umeiva. Njia hii hutumia kuni nyingi, na kwa ndoo zaidi ya tatu au nne ni afadhali kutafuta udongo kutoka mahali pengine.

Ni samadi ipi ifaayo, na kwa kiasi gani?

Samadi ya ng'ombe wa ndani iliyokaa miezi sita, ikiwa imechanganyika na majani ya migomba ya malalo, ndiyo bora kwa kazi hii na hupatikana kwa urahisi Kilimanjaro kote. Iliyoiva haina harufu ya mkojo, ni nyeusi, na humeguka mkononi. Ikishakuwa hivyo unaweza kuihesabu kama mboji katika vipimo vilivyotajwa hapo juu.

Samadi ya kuku ina nguvu nyingi za naitrojeni. Ikizidi, mmea hupanda majani mapana ya kijani kibichi ambayo kila mpita njia huyasifu, lakini chini kunakuwa na viazi vidogo vichache, vilivyochelewa. Isizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanganyiko, nayo iwe imeiva. Samadi mbichi ya mnyama yeyote isitumike kabisa: huunguza machipukizi, huongeza chumvi, na huchochea madoa makavu, yaliyokwaruza, yanayofanana na magamba kwenye ganda la kiazi.

Chekecha samadi kabla ya kuitumia. Funza weupe, wanene, waliojikunja, ambao hupatikana kwenye rundo la samadi, wengine hula tu vitu vilivyooza na wengine hutafuna viazi, na kwa macho si rahisi kuwatofautisha. Tandaza samadi chini na uwaite kuku, wao hawabagui.

Je, niongeze majivu ya jikoni?

Hapana, isipokuwa umepima udongo na kuona kwamba una tindikali kali. Ushauri wa kutia majivu umeenea kwa sababu majivu yana potasiamu, ambayo viazi huhitaji kwa wingi, na kwa mimea mingine ni ushauri mzuri. Tatizo ni kwamba hupandisha pH. Viazi hustawi kwenye pH ya kati ya 5.0 na 6.5, nayo magamba ya ganda huongezeka kadiri pH inavyopanda juu ya 5.5 hivi. Kiazi chenye magamba kinalika kikimenywa, ila hakiuziki. Potasiamu ipatikane kwenye samadi na mboji, hasa mboji iliyotengenezwa kwa maganda na vigogo vya migomba. Chokaa nayo isitiwe kwa mazoea.

Pumba za mpunga, maganda ya kahawa na maranda: kipi kinafaa kulegeza udongo?

Pumba za mpunga hupatikana kwa bei ndogo kwenye mashine za kukoboa upande wa Mabogini na Chekereni, na hutumika zikiwa mbichi au zikiwa zimechomwa bila kuwa majivu. Zilizochomwa ni bora, kwa sababu hazitaoza na kukuachia ndoo iliyobonyea katikati ya msimu, ila zisizidi sehemu moja kwa tano, maana nazo hupandisha pH kidogo.

Maganda ya kahawa, ambayo Moshi hayakosekani, yana potasiamu nyingi lakini huoza taratibu na yakiwa mabichi huzuia machipukizi. Yaingizwe kwenye rundo la mboji pamoja na samadi na yakae miezi kadhaa. Maranda na pumba za mbao tunaziweka mwisho: vijidudu vinavyozioza hunyang'anya mmea naitrojeni na majani yakawa ya njano, tena fundi seremala hawezi daima kukuambia ni mbao zipi zilitiwa dawa.

Kuna unga mweupe juu ya udongo na pembeni mwa kiroba changu. Ni nini?

Ni chumvi zilizobaki baada ya maji kukauka. Maji ya visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi na magadi kwa sababu ya miamba ya volkano ambamo hupita, na maji ya namna hiyo, yakimwagiliwa kila siku kwenye chombo kidogo, hupandisha pH na kufanya uso wa udongo uwe mgumu kama sakafu. Sehemu za tambarare ya chini ya Moshi, kuelekea Kahe, udongo wenyewe huwa na chumvi tangu mwanzo, na usichimbwe kwa kazi hii.

Kinga maji ya mvua kwa ajili ya vyombo kadiri unavyoweza. Ukiwa huna mengine ila ya kisima, mwagilia mpaka maji yatoke chini kwa wingi mara moja kwa wiki, ili chumvi zioshwe, badala ya kunyunyizia kikombe kimoja kila jioni, kwani kufanya hivyo huziacha zote ndani.

Je, mbolea ya dukani inahitajika ikiwa mboji ni nzuri?

Kwa kawaida kidogo inasaidia, hasa fosforasi. Udongo wa volkano una tabia ya kuifunga fosforasi ili mmea usiifikie, kwa hiyo mbolea ya kupandia isichanganywe na udongo wa ndoo nzima. Weka vijiko viwili vya chai vya NPK au DAP mahali pamoja chini ya mbegu, funika kwa udongo wa unene wa vidole viwili, kisha ndipo uweke mbegu, kwa sababu ikigusana na mbolea huungua. Mbolea ya Minjingu, inayotokana na mwamba wa fosfeti ulio karibu na Ziwa Manyara, huyeyuka vizuri zaidi penye tindikali. Kwenye udongo wenye magadi itachelewa.

Kiasi gani cha udongo kinahitajika, na je, gunia refu huzaa zaidi?

Mmea mmoja uhesabiwe si chini ya lita 10 za udongo, na ndoo ya lita 20 isipandwe mbegu zaidi ya mbili. Anza na sentimita 10 hadi 15 za udongo chini, weka mbegu, funika kwa sentimita 10, kisha kila mashina yanapofikia kiganja kimoja juu ya udongo, ongeza mchanganyiko uleule mpaka chombo kijae. Udongo wa kuongezea uandaliwe mapema pamoja na wa kwanza. Watu wengi huutafuta mwezi wa pili na kuishia kutia wowote wanaoupata.

Picha za gunia lenye urefu wa mita moja na nusu, lililojaa viazi kuanzia chini hadi juu, zisikushawishi. Aina nyingi za viazi hutunga viazi vyake karibu na mbegu, kwenye tabaka fupi, na kuendelea kufukia shina hakuongezi tabaka baada ya tabaka. Kazi halisi ya kupandishia udongo ni kuzuia mwanga usivifikie viazi, kwa kuwa kiazi kilichoona jua hugeuka kijani na kuwa na sumu chungu isiyoondoka kwa kupikwa. Sentimita 40 za udongo zinatosha.

Anayetaka kuweka vyombo kwenye roshani ya ghorofa akumbuke kwamba ndoo ya lita 20 ya udongo uliolowa hukaribia kilo 30.

Moshi mjini ni joto. Udongo wa namna gani utasaidia?

Udongo peke yake hautamaliza tatizo, lakini chombo kinaweza kulizidisha. Viazi hutunga vizuri udongo ukiwa kati ya nyuzi 15 na 20 za Sentigredi, na ukikaribia nyuzi 29 utungaji husimama. Ndoo nyeusi iliyowekwa juu ya sakafu ya saruji, kwenye jua la alasiri, hupita kiwango hicho hata katika miezi isiyo ya joto kali. Tumia salfeti nyeupe au ndoo ya rangi hafifu, kubwa kadiri inavyowezekana, iinuliwe juu ya matofali, iwekwe mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha mgomba baada ya saa nane mchana. Mboji yako izidi kidogo ile ya mtu wa Arusha, kwa kuwa huhifadhi maji, na funika uso wa udongo kwa majani makavu ya migomba.

Panda mwishoni mwa Aprili au Mei, ili viazi vitunge Juni hadi Agosti. Aliyepanda Desemba asilaumu udongo.

Je, niweke kokoto chini ya ndoo ili maji yatoke?

Usiweke. Maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo tabaka lililolowa husogea juu tu, karibu na viazi, na unakuwa umepoteza kina. Toboa matundu sita hadi manane ya ukubwa wa kidole, mengine yakiwa ubavuni, sentimita mbili kutoka chini, ili chombo kikikaa sakafuni yasizibwe.

Na udongo wa kichuguu?

Una madini, lakini una mfinyanzi mwingi na mara nyingi pH yake ni ya juu. Ndoo moja kwa kumi haitadhuru. Zaidi ya hapo, uachie mafundi wa matofali.

Baada ya kuvuna, udongo utumike tena?

Utumike, ila si kwa viazi wala nyanya, bilinganya au pilipili mpaka ipite misimu mitatu. Ondoa kila kiazi kidogo kilichobaki, kwa maana hicho ndicho kitakachochipua na kuendeleza magonjwa, chekecha mizizi, ongeza ndoo moja ya mboji kwa kila ndoo nne za udongo, na upande maharage, mchicha, sukuma wiki au vitunguu. Kama ulinunua udongo wa vyombo kumi, uandike kwa kalamu isiyofutika kwenye kila chombo kilipandwa nini na lini, kwa sababu ndoo zikishahamishwa kupisha gari, hakuna anayekumbuka ipi ni ipi.

Udongo wa chombo kilichonyauka usimwagwe kwenye bustani wala kwenye rundo la mboji. Ufukiwe mahali pasipolimwa, mbali na mfereji, na ndoo yake isuguliwe kwa sabuni, ioshwe kwa maji yenye dawa ya kufanyia nguo kuwa nyeupe, kisha ianikwe juani mpaka ikauke kabisa kabla ya kujazwa tena.